Dakika Nne Mnarani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Kwetu sisi waongoza ndege mvua ni mtu, ana tabia zake, na ukishafanya naye kazi miaka kumi na moja unamtaja kabla ya bosi. Leo kaja saa nane mchana bila hodi, akafuta nusu ya njia ya kurukia, akakaa robo saa, akaondoka. Ndege tatu zilisubirishwa angani. Zote zimetua salama.

Mimi na wifi yangu tumegombania kiti tena. Mnarani kuna viti viwili vya kazi. Kimoja kizima, kingine kimeinama kushoto kama mtu anayesikiliza umbeya. Anayewahi ndiye anayekaa vizuri. Watu wazima wawili, wenye watoto wanaosoma, tunapanda ngazi tisini na sita mbio kwa ajili ya kiti.

Wifi ni dada yake mume wangu. Mimi ndiye niliyetangulia mnarani. Fomu ya kuombea kazi nilimletea mimi, na kalamu ya kuijazia nikamwazima. Miaka tisa baadaye marubani wanamjua kabla hajajitaja. Hapa kazini wanamwita Sauti. Anamruhusu rubani kutua kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Mimi wananiita Rula, kwa sababu napenda vile vibao vyenye karatasi za safari za ndege vikae mbele yangu vimenyooka. Sauti na Rula. Hata kwenye majina ya utani alichagua yeye kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kiti kapata yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja watu wa filamu. Wamekodi mnara wa zamani, ule uliofungwa upande wa pili wa uwanja, wanapiga filamu ya kuchekesha na kuliza kwa pamoja: waongoza ndege wawili wanaoshindana mpaka siku moja nusura wazigonganishe ndege. Mkuu wa mnara katuteua mimi na wifi tuwafundishe waigizaji, kwa zamu, siku ambazo hatupo kazini.

Nilipomsimulia mume wangu wakati wa chakula nilimwambia hivi: mwongozaji wa filamu anawaongoza waigizaji waigize waongozaji, na sisi waongozaji tunamwongoza mwongozaji. Alicheka mpaka akapaliwa na maji.

Fundi wao wa sauti kaniuliza, "Samahani dada, wifi yenu iko wapi?" Nikamjibu, "Yuko zamu mpaka saa kumi." Akanitazama kama anayemtazama kichaa. Kumbe anataka mtandao.

Jambo jingine. Mkufunzi mkuu wetu anastaafu mwishoni mwa Mei, na kabla ya hapo anamalizia likizo zake zote. Wanaofikiriwa kushika nafasi yake ni wawili. Sina haja ya kuwataja.

Jumatano, 12 Machi

Leo wifi kanirekebisha mbele ya waigizaji. Nilikuwa nawaonyesha jinsi ya kukabidhiana zamu: unasimama nyuma ya mwenzako, anakusomea kila ndege iliyo hewani, kila gari lililo chini, unarudia, ndipo unakaa. Yeye kaingia na mwavuli unaochuruzika, akasikiliza, akasema kwa upole, "Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya zamani. Siku hizi tunaanza na hali ya hewa."

Ni kweli. Sheria ilibadilika mwaka jana, nami nilikuwa najua, ulimi tu ndio uliteleza. Mwongozaji akamgeukia yeye. Tangu hapo maswali yote yakaenda kwake. Baadaye wakamwomba wamrekodi, maana wanataka sauti yake ndiyo isikike kwenye filamu, mwigizaji achezeshe mdomo tu.

Nilimsubiri anisaidie kukunja turubai la watu wa filamu. Alikuwa anarekodiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa. Sikuwa zamu. Wifi alikuwa zamu, mimi nilikuwa na watu wa filamu.

Nimefanya jambo la aibu, nataka kuliandika upesi kabla sijaanza kulirembesha.

Kwanza ukweli wenyewe. Miaka mitatu iliyopita, msimu kama huu, saa tisa alasiri. Kwenye kiti cha kuruhusu ndege kutua na kuruka nilikuwa mimi. Wifi alikuwa kiti cha pili, kinachosimamia magari na kila kinachotembea ardhini. Mvua ilikuwa imepungua na gari la ukaguzi lilikuwa limeingia njiani kupima maji yaliyotuama. Mimi nikairuhusu ndege itue. Abiria tisini na wanne. Halafu nikaiona taa ya njano ya lile gari, inazunguka katikati kabisa ya njia, na juu yake, mbali kidogo, taa za ndege zinashuka.

Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti. Sikusema kitu. Mdomo ulikuwa wazi, kidole kimebonyeza, sauti haipo. Na kwa kuwa nilikuwa nimebonyeza, hakuna mwingine aliyeweza kuzungumza na rubani. Wifi akaning'oa kidole kitufeni. Aliking'oa kweli, kucha ikavunjika. Akasema kwa ile sauti yake, bila haraka, "Usitue. Panda, zunguka tena." Ndege ikapita juu ya gari. Dereva alisema baadaye kwamba alidhani ni radi.

Kiti kilikuwa kimelowa, na si kwa mvua. Wifi alivua sweta lake akanifunga kiunoni, akafuta kiti kwa tambara la madirisha. Kisha akavuta kitabu cha zamu akaandika kwamba alikipokea kiti changu saa tisa na dakika kumi. Alikipokea saa tisa na dakika kumi na nne. Zile dakika nne akajiandikia yeye. "Nenda nyumbani, una homa," akaniambia. Rubani hakulalamika, aliambiwa njia ina maji. Hatujawahi kulizungumza tena.

Sasa ya leo. Tulikuwa kumi na wawili chini ya turubai, mvua imewazuia kupiga picha. Mwongozaji akauliza kama tumewahi kuogopa kazini. Nikasema, "Nina mwenzangu mmoja..." Nikaanza kusimulia. Nikawaonyesha mdomo ulivyokuwa. Nikawaonyesha kidole. Nikaona wanacheka, nikaongeza. Nikakilowesha kiti mara mbili. Fundi wa sauti alivua vipokea sauti vyake vya masikioni akafuta machozi. Sijawahi kuchekesha watu namna ile maishani mwangu.

Mwongozaji akauliza, "Ni yule mwenye sauti nzuri?"

Sikusema ndiyo. Nilicheka, nikainua mabega.

"Na nani aliyemng'oa kidole?" akauliza mwigizaji.

"Mimi," nikasema.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeosha vyombo vyote, hata visivyotumika.

Jumatano, 19 Machi

Mwongozaji kaiingiza hadithi ile kwenye filamu. Kanipigia simu kunishukuru, anasema ndiyo itakayokuwa tukio la kuchekesha kuliko yote.

Na maneno yamevuka uwanja. Sijui nani aliyeyabeba. Watu wa filamu wanakula kantini yetu. Mchana nilimkuta Mzee Darubini, mwenzetu wa siku nyingi ambaye hata akienda chooni darubini iko shingoni, anawasimulia watu wa zimamoto huku ameachama mdomo. Wifi akaingia kuchukua chai. Mzee Darubini akasema, "Karibu, Bubu!"

Kantini nzima ikaangua kicheko. Wifi alitabasamu, kama mtu anayetabasamu asijue kichekesho ni nini. Kisha akanitazama. Nilikuwa natafuta kijiko ndani ya kikombe ambacho kijiko chake kilikuwa mezani.

Alhamisi, 20 Machi

Anajua. Amekuja kupokea zamu, akasimama nyuma yangu. Nikamsomea hali ya hewa, ndege, magari. Akarudia kila kitu bila kosa. Nikasubiri neno. Nilikuwa nimejiandalia jibu: ningesema walinielewa vibaya, sikutaja mtu.

"Nimepokea kiti," akasema. Basi.

Kiti chenyewe kilikuwa kile kizima. Nimemwachia. Nilishuka zile ngazi nikijiona nimetoa sadaka.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua asubuhi. Bubu, Bubu, Bubu. Hata watu wa mizigo.

Jumatatu, 24 Machi

Mkuu wa mnara kamwita wifi ofisini. Maneno yamemfikia, akafungua vitabu vya zamu vya miaka mitatu nyuma, akaikuta siku ile: ndege imezungushwa, na aliyeandikwa kwenye kiti ni wifi. Akamuuliza kama ni kweli aliganda na hakuripoti. Mzee Darubini, ambaye masikio yake ni makali kuliko darubini, anasema wifi alijibu hivi tu: "Kilichoandikwa kimeandikwa na mimi."

Ameondolewa kwenye kiti mpaka uchunguzi uishe. Amepewa meza ya kupanga majalada, karibu na mlango wa choo cha wageni.

Mkuu akaniita na mimi. Nilipanda ngazi zake nikijiambia: sasa nasema. Aliniambia nikaimu ukufunzi tangu kesho kutwa, kwa kuwa jina lililobaki ni langu. Akanipa mkono.

Nikaupokea.

Jumanne, 1 Aprili

Nafundisha wanafunzi sita. Nawaambia, "Ukiona hatari, sema. Hata ukisema vibaya, sema." Wanaandika kwenye madaftari yao. Mmoja ana mwandiko mzuri sana, nimeyaona maneno yangu yamepigiwa mstari mara mbili.

Njia ya kutoka darasani inapita mbele ya meza ya majalada. Kuna njia nyingine, ya kuzunguka nje. Nje kuna mvua. Nimeloa kila siku wiki nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Mume wangu ametoka kwa dada yake. Alikaa mezani hajavua viatu.

"Hataki kula," akasema. "Nimemuuliza kuhusu hilo jambo la kuganda. Ananiambia nikuulize wewe."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.

"Wewe si ulikuwepo siku hiyo, mama watoto? Kweli dada aliganda?"

"Kulikuwa na mvua," nikamwambia. "Sikuona vizuri."

"Ndani ya chumba?"

"Kila kitu kilikwenda haraka."

Akaniangalia kwa muda. Si mtu wa maneno mengi, ni fundi wa pampu za maji, amezoea kusikiliza kitu mpaka kiseme chenyewe kinachokisumbua. Halafu akavua viatu, akasema, "Mimi tangu utoto nilimwona amenyamaza kwa hasira tu. Kwa woga, sijawahi." Akaenda kuoga.

Mchele ule nimeuchambua mara tatu. Haukuwa na jiwe hata moja.

Jumatano, 9 Aprili

Leo amenijia mwigizaji, yule atakayeigiza kuganda. Ni mwanamke mtulivu, hana madoido, anabeba daftari kama mimi. Kesho wanapiga tukio lile. Tulikaa kwenye mnara wa zamani, wawili tu, mvua inapiga vioo.

"Mwongozaji anataka watu wacheke," akasema. "Sawa, watacheka. Lakini mimi siwezi kuigiza mdomo mtupu. Nahitaji kujua ndani kulikuwa na nini. Mkono wa kushoto ulikuwa wapi?"

"Umeshika ukingo wa meza."

"Alikuwa anaangalia ndege au gari?"

"Hata kimoja. Alikuwa anaangalia tone la maji kwenye kioo. Lilikuwa linateremka, akawa anasubiri lifike chini. Alijua kabisa anatakiwa kusema. Neno alikuwa nalo. Ni kama umesimama mlangoni kwako, ufunguo uko mkononi, na umesahau mlango hufunguliwaje. Na kuna sauti kichwani inahesabu watu, tisini na wanne, tisini na wanne, na nyingine inasema kwa utulivu tu, sasa kila mtu atajua."

"Atajua nini?"

"Kwamba wifi yake ni bora kuliko yeye."

Mwigizaji aliacha kuandika. Mvua ilipiga sana, kisha ikapungua.

"Alikusimulia yeye yote haya?" akauliza.

"Ndiyo."

Akafunga daftari lake taratibu. "Alikusimulia vizuri mno," akasema. Hakunitazama tena. Alinisaidia kuvaa koti, akanifungulia mlango, na ule wema wake uliniuma kuliko kama angenitukana.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijasema.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkuu alikuwa na wageni. Ningeweza kusubiri. Sikusubiri.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijasema. Mvua imekatika siku nzima, uwanja unang'aa, na mimi sina kisingizio cha hali ya hewa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimesema.

Niliingia kwa mkuu saa mbili na nusu asubuhi, kabla hajavua koti. Nikakataa kukaa, nikijua nikikaa nitaanza na salamu, nikianza na salamu nitamaliza na salamu. Nikamwambia: aliyeganda ni mimi, aliyening'oa kidole ni wifi, zile dakika nne kwenye kitabu ni zangu, na kule kwenye filamu nilidanganya. Mkuu alibaki na mkono mmoja ndani ya koti.

"Kwa nini?" akauliza.

"Walikuwa wanacheka."

Jibu lingine nimelitafuta tangu tarehe kumi na tatu ya mwezi uliopita, na sina lingine hadi sasa.

Akamwita wifi. Wifi akaja na vumbi la majalada mikononi, akasimama upande wangu, si karibu. Mkuu akamrudishia maneno yangu yote, kisha akamuuliza kwa nini aliandika uongo kwenye kitabu cha zamu. Nilidhani atasema kwa huruma. Nilidhani atasema kwa ajili ya kaka yake. Miaka mitatu nimeishi chini ya huruma ile, nikiichukia.

"Gari niliingiza mimi," wifi akasema. "Sheria inasema nimtamkie mwenye kiti, kisha niweke mbele yake kibao chekundu cha kuonya kwamba njia ina gari. Sikutamka wala sikuweka. Tulikuwa tumegombana asubuhi, nilikuwa nimemnunia. Nikasema moyoni, ataliona mwenyewe, si ana macho."

"Mligombania nini?" mkuu akauliza.

Tukatazamana kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Kiti," tukasema, wote wawili.

Mkuu akakaa. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akaviangalia.

"Watu tisini na wanne," akasema.

"Na dereva," wifi akasema. "Ningeandika kwamba aliganda, wangeuliza gari liliingiaje. Nilimficha yeye ili nijifiche mimi."

Sasa naandika lile ambalo sikumwambia mkuu, wala mume wangu. Wifi alipotamka kwamba gari aliliingiza yeye, mimi nilifurahi. Sikufarijika tu, nilifurahi, kama mtu anayesoma matokeo ukutani na kukuta amempita mwenzake kwa alama moja. Nilisimama pale, kosa langu halijakauka, nikalifurahia lake. Haikukaa hata dakika. Lakini ilikuja, na ilikuja ikikimbia.

Nje ya ofisi nilimwambia, "Wifi, nisamehe."

Alikuwa anafuta vumbi mikononi. "Nilidhani siku zote unajua kuhusu lile gari," akasema. "Niliposikia ulichowasimulia, nikajua unanilipizia. Nikasema sawa, nimestahili. Kumbe hukujua."

"Sikujua."

"Kwa hiyo ulinifanyia bure tu."

Akarudi kwenye majalada.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unachambua mchele au ulikuwa unajificha?" Nikamwambia najificha. Akaitikia kwa kichwa. Amelala chumba cha watoto.

Jumapili, 20 Aprili

Bado chumba cha watoto. Watoto wanasema anakoroma.

Jumatano, 30 Aprili

Uamuzi umetoka. Mimi na wifi tumetolewa kwenye viti siku tisini. Tunarudi darasani pamoja na wale wanafunzi sita niliokuwa nawafundisha. Yule mwenye mwandiko mzuri aliponiona nimekaa upande wao alisimama kunipisha, akadhani nimepotea. Wifi na mimi tumepangwa dawati moja, kwa sababu limebaki hilo tu.

Ukufunzi amepewa Mzee Darubini, ambaye hakuuomba na hautaki. Alianza somo la kwanza kwa kusema, "Mimi ningependa kuwa nyumbani."

Mkuu ameamua jalada lifungwe. Makosa yote mawili yamekwenda kunakohusika, lakini hapa kazini yasizungumzwe, kwa heshima yetu. Heshima ya nani? Watu wanajua tu kwamba Bubu kaadhibiwa na Rula kaponzwa naye. Leo mtu wa mizigo amenipa pole.

Ijumaa, 2 Mei

Jina halijafa. Darasani, Mzee Darubini anaita mahudhurio: "Bubu?" Wifi anajibu, "Nipo." Hanisemi. Ningeweza kusema mimi. Jalada limefungwa, najiambia, mkuu kakataza. Nimegundua kwamba amri ya mkuu ninaipenda sana.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua zimeisha, jana na juzi halikudondoka tone. Watu wa filamu wanaondoka, na kama shukrani wametuonyesha vipande walivyokwisha kuunganisha. Saa saba mchana, kantini, madirisha yamezibwa kwa yale maturubai yao, shuka jeupe ukutani. Walijaa watu wa zimamoto, wa mizigo, wa usafi, na wa mnarani wote wasiokuwa zamu. Mwigizaji alikuwa amekaa pembeni karibu na mashine ya kurushia picha. Wifi alikuwa safu ya tatu, mimi ya nne, nyuma yake kidogo.

Filamu nzuri. Nasema bila wivu. Wale wawili wanagombania dirisha, wanafichiana kalamu, mmoja anamwekea mwenzake chumvi kwenye chai. Watu walikuwa wanashika mbavu. Nilicheka na mimi, sikujizuia.

Kisha likaja tukio lile. Mwigizaji amekaa kwenye kiti, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza, macho kwenye tone la maji. Mdomo wazi. Wameweka na muziki, tarumbeta inayojikwaa. Kantini ikalipuka. Mzee Darubini akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Bubu huyo! Bubu mwenyewe!" Watu wa mizigo wakageuka kumtazama wifi ili wacheke vizuri. Yeye alikuwa ameketi wima, uso kwenye shuka, anatazama tu. Kutoka nyuma niliona shingo yake. Ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayesubiri sindano.

Nikasimama.

Nilisimama vibaya, katikati ya mwanga wa mashine, kwa hiyo picha ikaangukia kwangu. Mwigizaji akawa anaachama juu ya blauzi yangu. Watu wakazidi kucheka.

"Huyo ni mimi," nikasema.

Hawakusikia. Nikasema tena kwa nguvu, sauti ikapasuka katikati. "Huyo si yeye, ni mimi! Aliyeganda ni mimi. Aliyelowesha kiti ni mimi. Yeye ndiye aliyeongea na rubani. Nilidanganya ili mcheke."

Mtu mmoja wa zimamoto alicheka akidhani ni sehemu ya onyesho. Jirani yake akampiga kiwiko. Ikabaki tarumbeta peke yake inaendelea. Mwongozaji alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mkuu, kule mlangoni, alifumba macho. Habari ya gari sikuitaja. Niliamua papo hapo kwamba hiyo si yangu kuisema, na hata nikiwa nimesimama pale nikajiona nimetenda wema.

Wifi hakugeuka. Alizungumza akiwa ameangalia mbele, bila kupandisha sauti, na hakuna aliyekosa neno.

"Na gari lililokuwa njiani niliingiza mimi, bila kumwambia, kwa sababu nilikuwa nimenuna. Sasa kaa chini. Unatuziba."

Hata hapo alinishinda.

Nikakaa. Magoti yangu yaligusa kiti cha mbele, ambacho ni chake. Hakukisogeza. Tukio lililofuata lilikuwa la kuchekesha kweli, la kuku aliyeingia mnarani, lakini ilichukua muda kabla mtu yeyote hajathubutu. Akaanza mwanamke wa usafi, kicheko chembamba, akajaribu kukimeza, kikamtoka puani. Wakafuata wawili watatu.

Taa zilipowashwa watu walitoka kwa mlango wa jikoni ili wasipite mbele yetu. Mzee Darubini peke yake alipita. Alisimama mbele ya wifi, akavua darubini shingoni, akaivaa tena, akaondoka.

Tulibaki wawili na viti vilivyopinda pinda. Nilitaka kuomba msamaha tena lakini niliona ningekuwa namwomba anifanyie kazi nyingine. Nikaanza kukunja viti, navipanga ukutani. Yeye akaanza upande wa pili. Tulipofika katikati alisema, "Kaka yangu bado analala kwa watoto?"

"Ndiyo."

"Anakoroma?"

"Wanasema anakoroma sana."

"Amekuwa hivyo tangu utoto," akasema. Akabeba kiti chake cha mwisho, akakiweka juu ya vile vya kwangu, na kwa kuwa vya kwangu vilikuwa vimenyooka, chake hakikuanguka. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumatatu tuna mtihani. Mada ni kupeana taarifa.